MAISHA YA MAREHEMU SHEIKH RAMIYA, MWALIMU WA BAGAMOYO

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Chama chetu kimeona vema kwamba kijitabu hiki cha ukumbusho kisijae khabari za majengo na hesabu za fedha tu, bali ziwemo na khabari za watu waliotutangulia katika kazi ya kusomesha na kuwatumikia Waislamu. Jengo hujengwa kwa mawe na saruji, lakini chuo hujengwa kwa mwalimu. Akiwapo mwalimu, hata chini ya mwembe patakuwa chuo. Asipokuwapo, jumba la ghorofa tatu litakuwa ghala tu.

Katika walimu hao nimemchagua marehemu Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana na watu wote kwa jina la Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Wengi wetu tulio upande huu wa Ziwa Tanganyika tumelisikia jina hili tangu udogoni katika maulidi na katika halaka za zikri. Tumelisikia kama jina la mtu wa pwani. Lakini asili yake haikuwa pwani. Asili yake ni huku kwetu bara, na alikwenda pwani kwa njia ambayo hapana mzazi angependa mwanawe aipite. Kwa hiyo khabari zake ni zetu kama zilivyo za watu wa Bagamoyo, na inafaa vijana wetu wazijue.

Asili yake na safari yake

Sheikh Ramiya alizaliwa katika karne ya 19 katika nchi za mashariki ya Kongo. Zama hizo nchi zile zilikuwa zimefikiwa na misafara ya wafanyi biashara kutoka pwani. Walikuja kutafuta pembe za ndovu, na pamoja na pembe walichukua watu. Miji ya Nyangwe na Kasongo katika Umanyema ikawa vituo vikubwa vya biashara hiyo, na mtu mashuhuri kuliko wote huko alikuwa Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Palipokuwa na vita vya vijiji, palipokuwa na njaa, au mahali ambapo mkubwa mmoja alishindana na mwenziwe, watoto ndio waliokuwa wepesi kukamatwa na wepesi kuuzwa.

Mtoto huyu alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa akiwa mdogo, akatengwa na wazazi wake na lugha yake, akafikishwa pwani. Njia kuu ya misafara ya wakati ule ilitoka Umanyema ikaja mpaka ziwani, watu wakavushwa kwa majahazi na mitumbwi mpaka Ujiji. Kutoka Ujiji walikwenda kwa miguu mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Kutoka Ujiji peke yake mpaka pwani ni mwendo wa kama kilomita 1,200, na msafara uliokwenda vizuri ulichukua miezi mitatu au zaidi. Waliokufa njiani ni wengi, na Mwenyezi Mungu ndiye anayewajua kwa hesabu na kwa majina yao.

Mwisho wa njia hiyo ulikuwa Bagamoyo. Watu husema kuwa jina la mji huo linatokana na kubwaga moyo. Mpagazi aliyebeba pembe alifika hapo akatua mzigo wake, akapumzisha moyo wake. Mtumwa naye alifika hapo, akaiona bahari mbele yake, na akajua kwamba nyumbani hatarudi tena. Neno ni moja na mji ni mmoja, lakini moyo wa huyu haukuwa moyo wa yule.

Bagamoyo ya zama zile

Bagamoyo ulikuwa mji wa watu wa namna nyingi. Walikuwapo Washomvi, ambao ndio wenyeji wenye madaraka ya zamani; walikuwapo Waarabu wa Oman waliokuwa upande wa Sultani wa Zanzibar; walikuwapo Wahindi wenye maduka na mitaji; na kila mwaka waliingia maelfu ya Wanyamwezi na watu wengine wa bara pamoja na misafara. Mapadre Wakatoliki walijenga misheni yao hapo mwaka 1868, wakawa wananunua watoto watumwa na kuwalea katika dini yao.

Mtoto aliyetoka Kongo hakuangukia misheni. Aliingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, Mwarabu mwenye mali na cheo, ambaye baadaye alikuwa Liwali wa Bagamoyo. Katika nyumba hiyo alikulia, akaijua dini ya Kiislamu, akasema Kiswahili, na akawa anaitwa Yahya. Aliitwa bin Abdallah, kama ilivyokuwa ada ya pwani kwa mtu aliyeingia katika Uislamu bila ya baba Muislamu: hupewa jina la baba ambalo maana yake ni mtumwa wa Mungu. Jina hilo kwa hakika ni la kila mwanaadamu, tajiri na maskini.

Inatupasa tuseme kweli juu ya hali ilivyokuwa. Dini yetu imewafanya watu kuwa sawa mbele ya Mola wao, na ubora wa mtu umewekwa katika kumcha Mungu. Lakini desturi za miji ya pwani hazikufuata mafundisho hayo siku zote. Watu waligawanywa kuwa waungwana na watumwa, na alama za mgawanyo huo zilionekana katika mavazi, katika kukaa barazani, katika ndoa na hata katika mazishi. Katika miji mingine mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kofia mbele ya bwana wake. Na katika ilimu, wengi waliona kuwa mtumwa anatosheka akijua sura chache za kusalia na namna ya kutawadha. Vitabu vikubwa vilikuwa vya watoto wa majumba ya mawe.

Hayo ndiyo mazingira aliyokulia Yahya bin Abdallah. Hakuwa na baba wa kumtaja, wala ukoo wa kujifakharisha nao, wala urithi wa kutarajia.

Kutafuta riziki na kutafuta ilimu

Alianza kutafuta riziki kwa kazi ndogo. Aliuza samaki. Kisha, kidogo kidogo, biashara yake ikakua, akapata mashamba ya minazi, akawa mtu anayejitegemea. Mnazi haumtajirishi mtu kwa siku moja. Mwenye kupanda hungoja miaka sita au saba kabla ya kuchuma, na baada ya hapo nazi huangushwa, hufuliwa, hukaushwa zikawa mbata, na ndipo ziuzwe. Ni mali ya watu wenye subira, na subira ndiyo iliyokuwa mali yake ya kwanza.

Lakini fedha hazikuwa mwisho wa haja yake. Alipopata nafasi alikwenda kukaa mbele ya masheikh wa mji akasoma. Bagamoyo haikuwa na upungufu wa wanavyuoni wakati huo, maana palipo na bandari huja majahazi, na katika majahazi ya kutoka Zanzibar, Lamu, Barawa na Hadhramaut hawakuja wafanyi biashara peke yao.

Wale waliosoma kwa utaratibu wa zamani wanajua urefu wa njia hiyo. Mwanafunzi huanza na herufi juu ya ubao, akaja kwenye Juzuu Amma, akahitimu Msahafu. Akitaka kuendelea huingia katika fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafii, akaanza na Safinatu Najaa, akapanda kwa Abu Shujaa, mpaka akafika kwenye Minhaj ya Imamu Nawawi. Kando yake husoma nahau katika Ajurrumiya, kwani asiyejua nahau husoma asichokifahamu. Mambo haya humchukua mtoto wa nyumba yenye nafasi miaka mingi, naye analishwa na kuvishwa na wazazi wake. Basi tufikiri juu ya mtu aliyesoma huku anatafuta chakula chake mwenyewe, na aliyeketi katika darasa pamoja na watu wanaojua kwamba aliletwa mjini akiwa mtumwa.

Alivumilia, akasoma, na akafika. Na katika hilo hakuwa wa kwanza katika Uislamu, bali alikuwa na watangulizi bora. Bilali bin Rabah alikuwa mtumwa wa Makka, akawa muadhini wa Mtume. Salim, huria wa Abu Hudhaifa, aliwasalisha Muhajirina pale Kubaa kwa sababu ya wingi wa Kurani aliyoihifadhi. Na Ataa bin Abi Rabah, mtu mweusi aliyekuwa huria, alikuwa mufti wa Makka, na watu wazito wa zama zake walikwenda kumwuliza. Kwa hiyo aliyeshangaa kumwona mtu wa Kongo aliyeuzwa akiwa mtoto anakuwa sheikh, alishangaa kwa kutojua tarehe ya dini yake mwenyewe.

Chuo chake

Kwenye mwanzo wa karne ya 20 Sheikh Ramiya alifungua chuo chake mwenyewe mjini Bagamoyo. Hapa ndipo ilipoanza kazi iliyomfanya akumbukwe.

Wakati huo haukuwa mwepesi. Mji ulikuwa umetoka katika misukosuko mikubwa. Mwaka 1888 pwani nzima ilisimama kuipinga kampuni ya Wajerumani, na Bushiri bin Salim akaongoza vita mpaka aliponyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bagamoyo ilipigwa mizinga na sehemu zake zikaharibika. Ulikuwa mji mkuu wa serikali ya Wajerumani kwa muda, kisha mwaka 1891 makao ya serikali yakahamishwa Dar es Salaam. Baadaye vita vya Majimaji vya 1905 mpaka 1907 viliwaka kusini, na mwaka 1908 zilienea pwani barua zilizosemekana kutoka Makka, zikawaita watu katika toba. Serikali ikaingiwa na khofu, na walimu wa vyuo wakawa wanatazamwa kwa jicho la shaka. Kufungua chuo na kukusanya watu wakati huo kulihitaji moyo imara na pia busara ya kujua la kusema na la kunyamazia.

Pigo jingine lilikuwa la uchumi. Wajerumani walijenga reli kutoka Dar es Salaam, wakaianza mwaka 1905, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Mizigo yote iliyokuwa ikija Bagamoyo juu ya vichwa vya watu sasa ikapita kwenye reli. Bandari ya Bagamoyo ina maji haba na meli kubwa haziwezi kuikaribia. Maduka yakafungwa, nyumba za mawe zikaanza kuanguka, na wenye mitaji wakahamia Dar es Salaam na Zanzibar. Mji wenye sababu moja tu ya kuwapo, sababu hiyo ikiondoka, nao huondoka.

Bagamoyo haukuondoka. Watu waliendelea kuja, lakini sasa hawakuja kwa pembe wala kwa watumwa. Walikuja kusoma. Chuo cha Sheikh Ramiya kilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za jambo hilo. Njia ya zamani ya misafara ilikufa, na kutoka mji ule ule ikafunguka njia ya ilimu, ikaelekea bara mpaka kule alikotoka mwalimu mwenyewe.

Na tuseme nini juu ya wale waliosomeshwa? Walikuwamo watoto wa mjini wenye majina yao. Lakini wengi waliomzunguka walikuwa watu wa namna yake: waliokuwa watumwa na watoto wa watumwa, Wamanyema, Wazaramo na watu wengine wa bara, wageni wasio na jamaa. Watu hawa walikuwa Waislamu, lakini katika misikiti na mabaraza mengi walikuwa Waislamu wa safu ya nyuma. Kwake walipata mwalimu aliyeijua hali yao bila ya kuelezwa. Mtu wa aina hiyo hamwambii mwanafunzi wake kwamba ilimu si ya watu kama yeye, maana aliyekaa mbele yake ni ushahidi wa kinyume chake.

Tarika ya Qadiriya

Karibu ya mwaka 1905 Sheikh Ramiya alipokea ijaza ya tarika ya Qadiriya, akawa khalifa wake Bagamoyo. Tarika hii inanasibishwa na Sheikh Abdulqadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 561 wa Hijra, sawa na 1166. Katika pwani yetu iliingia kwa njia zaidi ya moja. Mtu aliyeieneza kwa nguvu kubwa ni Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyekuja Zanzibar zama za Sayyid Barghash, na aliyeuawa katika nchi ya Wasomali mwaka 1909. Sheikh Ramiya naye alikuwa na mlango wake na silsila yake, na Bagamoyo ikawa kituo kinachojitegemea.

Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya zikri za halaka na mambo yake, na kijitabu hiki si mahali pa mjadala huo. Linalotupasa kulitia maanani hapa ni kazi iliyofanyika kwa njia hiyo. Mtu mzima anayelima au anayebeba mizigo bandarini hana nafasi ya kukaa miaka kumi na vitabu. Lakini jioni, baada ya kazi, anaweza kuja katika halaka, akasikia jina la Mola wake, akafundishwa uradi, akasahihishiwa sala yake, na akajua kwamba ana ndugu. Katika halaka watu husimama bega kwa bega wakashikana mikono. Aliyekuwa bwana na aliyekuwa mtumwa hawawezi kushikana mikono kila wiki katika kumtaja Mungu kisha wakabaki kama walivyokuwa.

Na maulidi aliyoyasimamia yakawa makubwa mwaka hata mwaka. Watu walikuja Bagamoyo kutoka miji ya pwani na kutoka bara, wakapokelewa, wakalishwa, wakalala majumbani mwa watu. Mapato ya minazi yana baraka yanapoingia katika sufuria za wageni. Kwa wengi waliosafiri kutoka mbali, siku hizo zilikuwa darasa pia, maana mgeni hakurudi kwao na pilau tumboni tu. Alirudi na masuala yaliyojibiwa, na pengine na ijaza ya kwenda kusomesha.

Uliwali wake

Mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya kwanza, Waingereza waliingia Bagamoyo na Wajerumani wakaondoka. Serikali mpya ilihitaji mtu ambaye watu wa mji watamsikiliza. Sheikh Ramiya akafanywa Liwali wa Bagamoyo.

Tusimame kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu uzito wake haudhihiriki ila kwa anayejua tarehe. Liwali alikuwa mkubwa wa mji kwa upande wa wenyeji. Aliamua madaawa madogo madogo, alishuhudia mapatano ya mashamba na nyumba, aliwapatanisha watu, na alikuwa ulimi wa mji mbele ya serikali. Kazi hiyo kwa desturi ilikuwa ya Waarabu wenye nasaba. Amir bin Suleiman al-Lamki, ambaye Yahya alikulia nyumbani mwake kama mtumwa, ameifanya kazi hiyo hiyo katika mji huo huo. Na tena utumwa wenyewe ulikuwa bado haujafutwa katika Tanganyika. Wajerumani walikuwa wameamuru tu kwamba watoto wa watumwa wanaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilitoka zama za Waingereza, mwaka 1922. Basi alipoingia katika uliwali, walikuwapo Tanganyika watu waliohesabika kuwa watumwa, na mmoja aliyewahi kuwa kama wao ndiye aliyekalia kiti cha hukumu cha Bagamoyo.

Mtu mwingine angeweza kukifanya cheo hicho kuwa fimbo ya kulipizia kisasi, kwa maana sababu alikuwa nazo. Mtu mwingine pia angekiacha chuo, akaona kwamba sasa amepanda na kazi ya watoto wa alifu na bee si kazi ya Liwali. Sheikh Ramiya hakuacha kuwa mwalimu. Cheo kilimjia kwa sababu ya ilimu yake na utumishi wake, naye alijua kwamba kilichokuja kwa sababu hiyo hakidumu bila ya sababu hiyo. Jina alilokufa nalo midomoni mwa watu ni jina la Sheikh, wala si la Liwali.

Kufariki kwake na waliomfuata

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931, akazikwa Bagamoyo. Mwenyezi Mungu amrehemu na ailaze roho yake mahali pema. Kazi yake ilishikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad bin Yahya Ramiya, aliyeendelea na chuo, na tarika na maulidi. Huyu naye alikuwa mtu wa watu wake. Katika miaka ya 1950, Tanganyika ilipokuwa inadai uhuru wake, alikuwa miongoni mwa masheikh waliokiunga mkono chama cha TANU na kukifanya kikubalike Bagamoyo. Hivyo nyumba iliyoanzishwa na mtu aliyenyimwa uhuru wake utotoni ilikuwa na sehemu yake katika uhuru wa nchi nzima.

Lakini urithi wake haukuwa wa mwanawe peke yake. Tarika ya Qadiriya ilipanda bara kwa njia ile ile ya Tabora na Ujiji, na tawi la Bagamoyo likapata wafuasi wengi, khasa katika Wamanyema. Kutoka Ujiji ikavuka ziwa ikafika kwa Waislamu wa mashariki ya Kongo na wa Burundi. Serikali ya Wabelgiji haikuipenda khabari hii. Iliwaogopa walimu waliotoka Tanganyika, ikawabana, ikawazuia kusafiri, na wengine ikawafukuza au kuwafunga. Hata hivyo zikri ziliendelea majumbani na vyuo viliendelea vibarazani. Wazee wetu walihifadhi uradi kwa moyo pale ambapo karatasi zilikuwa khatari.

Mwenye akili na atazame mzunguko huu. Mtoto alitolewa Kongo kwa nguvu, akapelekwa pwani kwa njia ya Ujiji na Tabora, hana kitu. Baada ya miaka mingi, kwa njia ile ile ya Tabora na Ujiji, ilimu yake ilirudi Kongo mikononi mwa wanafunzi, na hapana aliyelazimishwa kuipokea. Waliomchukua walidhani wamechukua bidhaa. Mwenyezi Mungu alikuwa anampeleka mwanafunzi.

Mafunzo kwetu

Haifai kusoma khabari za watu wema kama mtu anavyosikiliza hadithi ya jioni, kisha akalala. Yako mambo ambayo maisha ya Sheikh Ramiya yanatudai sisi wa leo.

La kwanza ni kwamba hapana mtoto asiyefaa kusoma. Katika mitaa yetu wapo mayatima, wapo watoto waliokimbizwa na vita kutoka nchi moja hadi nyingine, wapo watoto wasiojua kaburi la baba zao liko wapi. Mtu akiwaona huwaona kama mzigo wa mji. Na watu wa Bagamoyo, walipomwona mtoto wa Kongo akishushwa katika msafara, hawakumwona Liwali wao wala sheikh wa watoto wao. Basi mwalimu asiwagawe wanafunzi wake kwa koo zao, wala chama kisigawe misaada yake kwa kutazama nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

La pili ni kwamba mwalimu lazima awe na njia ya kuishi. Sheikh Ramiya alikuwa na minazi yake, kwa hiyo hakulazimika kumbembeleza tajiri wala kumwogopa mtawala. Walimu wetu wengi hawana minazi. Zamani mzazi alimpelekea mwalimu pesa kidogo kila Alkhamisi, na watoto walimsaidia shambani, na hivyo chuo kiliendelea. Desturi hiyo imefifia, na badala yake hatukuweka kitu. Tunataka mwalimu awe na ilimu nyingi, awe mpole, awe safi, afike mapema, kisha tunamwacha aende kukopa unga. Chuo kinachokufa kwa sababu hiyo hakikuuawa na adui. Kimeuawa na sisi wenyewe.

La tatu ni kwamba cheo kimtafute mtu kwa ajili ya kazi yake, wala mtu asiifanye kazi kwa kutafuta cheo. Vyama vya Waislamu vingi vimevunjika katika nchi zetu kwa ugomvi wa nani awe mwenyekiti na nani ashike muhuri. Marehemu alisomesha kiasi cha miaka kumi na tano kabla ya uliwali kumjia. Na ulipomjia alikuwa ameshakuwa mkubwa, hata kama usingekuja.

La nne, na ndilo la mwisho, ni kwamba ilimu inayobaki ni ile iliyowekwa ndani ya watu. Nyumba nyingi za mawe za Bagamoyo, zilizojengwa kwa faida ya pembe na ya watu, zimeanguka, na miti imeota kwenye kuta zake. Lakini miaka mingi baada ya kufa kwake watu wameendelea kwenda Bagamoyo kila mwaka kwa maulidi ya nyumba ya Ramiya, na huku kwetu watoto wanasomeshwa na walimu waliosomeshwa na walimu ambao silsila yao inakwenda mpaka kwake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amsamehe Sheikh Yahya bin Abdallah, amlipe kwa kila herufi iliyosomwa kwa sababu yake, na awarehemu wote waliofia katika njia ile kabla ya kufika popote. Awarehemu wazee wetu waliozishika zikri na vyuo katika siku ngumu. Atupe na sisi walimu wenye ilimu na subira, na atupe sisi wazazi moyo wa kuwatunza. Amin.